Mombasa Ina Pande Nne: Ijue Ramani Kabla ya Kutuma Arbuni

Saa tatu na nusu usiku, Nyali. Akina mama tisa kutoka Kitengela wamesimama nje ya geti jeusi na mabegi yao. Soja wa getini anaangalia picha kwenye simu, anarudisha simu, anakuna kichwa. "Mama, nyumba kweli ni hii. Lakini haikodishwi. Nyinyi ni kundi la tatu kuja hapa na hizi picha."

Hiyo ilikuwa Agosti mwaka jana. Chama chao kilikuwa kimeweka akiba ya shilingi 500 kwa kila mmoja, kila wiki, kwa wiki 30. Jumla 135,000. Hizo ni pesa za mboga, za kufua, za kibanda cha mitumba, zilizotengwa ili waione bahari, wengine kwa mara ya kwanza maishani. Tangazo walilipata Facebook: vyumba vinne, bwawa la kuogelea, 14,000 kwa usiku. Mwenye tangazo alikuwa mpole, alijibu upesi, alimwita mweka hazina "mamangu". Akawaambia nyumba iko dakika kumi tu kutoka stesheni ya SGR, na kwamba asubuhi wataweza kutembea kwa miguu hadi Fort Jesus. Wakatuma arbuni ya 28,000. Siku ya safari, treni ikikaribia Voi, akadai 12,000 nyingine "za vyombo vikivunjika". Wakatuma tena.

Mweka hazina alitupigia simu akiwa pale getini. Tulichoweza kumfanyia usiku ule kilikuwa kidogo, na hatutaficha. Zile 28,000 zilikuwa na wiki tatu. Zile 12,000 zilitolewa kwa ajenti kabla treni haijafika Miritini. Tulifungua malalamiko, tukamwelekeza polisi akaandikishe namba ya OB, basi. Ametuambia tuisimulie hadithi hii bila jina lake.

Tunaisimulia kwa sababu watu wakiisikia husema "walitapeliwa kwa tamaa ya bei nafuu", na sisi hatuoni hivyo. Bei yenyewe haikuwa ya kushangaza. Kilichowaangusha ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya tisa aliyejua Mombasa imekaaje. Mtu aliyeangalia ramani kwa dakika tano angejua kwamba hakuna nyumba ya Nyali iliyo dakika kumi kutoka stesheni ya treni, na hakuna anayetembea na watoto na mabegi kutoka Nyali hadi Fort Jesus kama anaenda duka la jirani. Uongo ulikuwa kwenye ramani, si kwenye bei. Kwa hivyo leo, kabla ya kusema lolote kuhusu till na paybill, tuongee jiografia kidogo.

Maji ndiyo yanaamua

Ukisema "naenda Mombasa", kwani unaenda wapi hasa? Kaunti nzima ina watu zaidi ya milioni moja na laki mbili kwa hesabu ya sensa ya 2019, na wamekatwa vipande na maji. Katikati kuna kisiwa, Mvita yenyewe: Mji wa Kale, Fort Jesus, Marikiti, bandari ya Kilindini, ofisi. Kaskazini, ng'ambo ya Daraja la Nyali, ndiko Nyali, Kongowea, Kisauni, Bamburi na Shanzu, na hoteli nyingi za ufuoni. Kusini, ng'ambo ya kivuko, ni Likoni, na ukiendelea na barabara unaingia Kwale, hadi Ukunda na Diani. Magharibi, ukipita Makupa, ni Changamwe na Jomvu: uwanja wa ndege uko upande huo, na stesheni ya Madaraka Express iko Miritini upande huo huo.

Sasa fuata safari ya wale akina mama. Wameshuka Miritini, magharibi. Nyumba iko Nyali, kaskazini. Ilibidi waingie kisiwani kupitia Makupa, wakikate kisiwa, kisha watoke kwa Daraja la Nyali. Hiyo ni zaidi ya kilomita 15, na sehemu ya kwanza unagawana barabara na malori ya bandarini. Kila mara unapohama upande, unalipa: nauli, muda, na uchovu wa watoto. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa Mombasa siku nne na kurudi nyumbani akisema hajaona kitu. Ameona barabara.

Ushauri wetu ni rahisi na tunaurudia kwa kila anayetuuliza: siku moja, upande mmoja. Panga siku kwanza, ndipo utafute mahali pa kulala, si kinyume chake. Watu wengi huanza na picha ya bwawa la kuogelea, halafu wanapanga kila kitu kuzunguka lile bwawa. Ukiwa na siku tatu na lengo lako ni kuona mji, lala kisiwani. Ukitaka kuogelea na kupumzika, lala Bamburi au Nyali na ukubali kwamba kisiwani utaenda mara moja tu. Ukitaka Diani, basi nenda Diani. Tunajua kuna watu wataudhika, lakini Diani ndani ya safari fupi ya Mombasa ni kupoteza siku nzima njiani.

Kisiwani, kwa miguu

Upande huu ndio tajiri zaidi na ndio wa bei nafuu zaidi, kwa sababu miguu yako inatosha.

Anza Fort Jesus asubuhi mapema, kabla jua halijawaka. Wareno walianza kuijenga 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na mzingiro ulidumu karibu miaka mitatu, hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Meli moja iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa chini ya maji vimo kwenye jumba la makumbusho humo ndani. Waingereza nao waliigeuza kuwa jela hadi 1958. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ukipanda juu ya ukuta unaoelekea baharini utaelewa mara moja kwa nini kila mtu aliitaka: anayekaa pale anaona kila chombo kinachoingia.

Beba kitambulisho, wenyeji wa Kenya hulipa chini ya wageni. Na malipo ya kuingia, kama ya taasisi nyingi za serikali siku hizi, yanapitia eCitizen. Kwa hivyo mtu akikusogelea nje ya lango akisema umtumie kwenye simu yake "nikukatie tiketi haraka", mwambie asante, endelea na safari.

Ukitoka hapo uko Mji wa Kale tayari. Vichochoro, milango ya nakshi, baraza, vibaraza vya kahawa tungu. Usiogope kupotea, kisiwa ni kidogo na ukishuka utafika majini. Hapa ni makwao watu, si jumba la maonyesho: funika mabega na magoti, omba kabla ya kumpiga mtu picha, na kama ni Ijumaa jua kwamba maduka mengi hufunga saa za swala ya adhuhuri. Kiongozi wa mtaa anaweza kukufaa sana, anajua nyumba ipi ilikuwa ya nani. Ila muulize bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza, na uliza ni ya kundi au ya kila mtu.

Kutoka hapo unaelekea Marikiti kwa viungo, na Biashara Street kwa leso. Tafadhali usinunue leso kwa rangi peke yake. Soma jina, yaani yale maandishi yaliyo chini. Kuna mwenzetu ofisini alimletea mama mkwe leso nzuri sana ya zambarau bila kuisoma. Ilikuwa ni mafumbo ya watu wanaochunguza mambo ya wenzao. Mpaka leo hajasamehewa.

Jioni nenda Mama Ngina, ule ufuo wa mibuyu karibu na mdomo wa bandari. Kuingia ni bure. Muhogo wa kukaanga wa pilipili na ndimu, dafu, viazi karai, na meli kubwa za makontena zikipita karibu kiasi kwamba watoto wanapunga mkono. Wale akina mama wa Kitengela walituambia hapo ndipo walipolia na ndipo walipocheka, jioni moja hiyo hiyo.

Kaskazini: iulize bahari kwanza

Hapa kosa ni moja tu na kila mtu analifanya. Mnaondoka mjini saa nne, mnafika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, wenyewe wanauita Pirates, saa sita, na hakuna ufuo. Maji yamejaa mpaka ukutani. Bahari ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ni kubwa zaidi. Angalia ratiba ya maji kwenye intaneti au muulize mvuvi yeyote, ndipo upange siku. Kama asubuhi maji yamejaa, anzia Haller Park, iko Bamburi hapo hapo.

Haller Park zamani ilikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hapo kikaacha jangwa la mawe matupu, na kuanzia 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje. Leo ni msitu wenye mabwawa, nyani, mamba na twiga wa kulisha kwa mkono. Ndipo alipoletwa yule kiboko mtoto, Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee aitwaye Mzee kama vile ni mamake. Watoto wote wanaijua hadithi hiyo kutoka vitabuni.

Ufuoni utakutana na ngamia, mashua za kioo, maboya ya kuogelea, na vijana wenye maneno matamu. Hatuwalaumu, hiyo ndiyo kazi yao. Wewe uliza maswali matatu kabla hujapanda chochote: bei ni ya mtu au ya mashua nzima? Ni dakika ngapi? Na ada ya mbuga ya baharini imo ndani au ni juu? Lipa ukishashuka. Mwezi wa saba na wa nane upepo wa kusi huleta mwani mwingi ufuoni, si uchafu, na maji huchafuka kidogo. Anayetaka bahari iliyotulia na samaki wa kuonekana aje wakati wa kaskazi, lakini Desemba bei za vyumba hupanda na joto nalo.

Kusini na kivuko

Anayevuka Likoni kwa miguu halipi kitu. Gari hulipa. Jambo ambalo wageni hawalijui ni mwelekeo wa watu: asubuhi umati unatoka Likoni kuja kazini kisiwani, jioni unarudi. Mgeni anayeenda kusini asubuhi na kurudi jioni anakwenda kinyume na umati, na kwa mtembea kwa miguu hiyo ni raha. Shika mkono wa mtoto, weka simu mfuko wa mbele, na kamera iache kwenye begi, askari wa kivuko hawaipendi. Mwenye gari anayetoka Nairobi na hana shida na mjini, atumie barabara ya Dongo Kundu kutoka upande wa Miritini, asione feri kabisa.

Haya, sasa pesa

Ukishajua pande nne, maswali yako kwa mwenye nyumba yanabadilika. Mwambie: nikitoka Miritini nitapita wapi? Stejini gani nashukia? Duka gani liko mkabala? Anayekaa hapo atajibu bila kufikiri. Tapeli atarudi kwenye picha.

Halafu mwombe simu ya video, aanzie barabarani, aingie getini, apande ngazi hadi chumbani, bila kukata. Picha zinaibwa, video za zamani pia zinaibwa, lakini mtu hawezi kuingia kwenye nyumba ambayo hana ufunguo wake huku unamwangalia. Njia bora zaidi ni ya kizamani: ni Mkenya gani hana binamu Mombasa? Mtumie nauli ya tuktuk akaone. Shilingi 300 kulinda 40,000, hiyo ni bima.

Wakati wa kutuma, kuna sekunde chache ambazo sisi huzijali kuliko zote. Ni pale jina la mpokeaji linapotokea kwenye skrini kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Kwa sauti kama mko wengi. Kama tangazo ni la mama fulani na jina linalotokea ni la kijana mwingine kabisa, simama hapo hapo. "Ni laini ya mume wangu", "ni ya meneja wangu", "yangu imejaa": hayo yote yanaweza kuwa kweli, lakini mwenye nyumba wa kweli ataelewa ukimwambia utalipa ukifika. Tuwe wakweli pia: wako wenye vyumba waaminifu wengi tu Mombasa wanaopokea kwenye laini ya kawaida, hawana till. Laini ya kawaida peke yake si dalili ya wizi. Dalili ni laini ya mtu mwingine, pamoja na haraka. "Kuna mteja mwingine anataka kulipa saa hii." Mwache alipe.

Arbuni iwe ndogo, kiasi ambacho ukikipoteza safari haifi. Wale akina mama walitoa nusu ya bei ya siku zote nne, kisha wakaongeza. Usiku mmoja ungetosha. Na ombi lolote jipya la pesa likija mkiwa tayari njiani, lifikirie hivi: huyu anajua hamwezi kurudi nyuma. Hiyo ndiyo sababu anaomba sasa.

Tiketi za treni zikate mwenyewe, kwenye tovuti ya Shirika la Reli au kwa kupiga *639#, kwa jina na kitambulisho cha kila msafiri. Tunapoandika haya, kiti cha kawaida Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Wakati wa likizo za shule zinapoisha, wanatokea watu mtandaoni wakiuza "tiketi ya mtu aliyeghairi". Kumbuka jina kwenye tiketi hukaguliwa na kitambulisho.

Ukituma na kugundua umekosea au umetapeliwa, usianze kubishana na yule mtu kwenye WhatsApp. Anakupotezea muda makusudi. Tupigie sisi kwanza, papo hapo, na ule ujumbe wa uthibitisho uwe mkononi. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti yake tunaweza kuzizuia jambo likichunguzwa. Zikishatolewa kwa ajenti, kazi inabaki ya polisi, na inakuwa ndefu. Hapa dakika zina maana kuliko hasira. Na hakuna mtu wetu atakayekuomba namba ya siri "ili arudishe pesa". Baada ya kutapeliwa mara ya kwanza, wengi hutapeliwa mara ya pili na mtu huyo huyo akijifanya ni sisi.

Mjini tembea na pesa taslimu kidogo za noti ndogo kwa tuktuk, matatu na muhogo. Simu inapokelewa karibu kila mahali, lakini kutuma vipesa vidogo mara ishirini kwa siku, ada zake zinajumlika bila wewe kuona. Na ukiwa ufuoni umelala juani, ukipata ujumbe kwamba umetumiwa 3,500 kisha simu ya mtu analia "nimekosea, nirudishie", angalia salio kwanza. Usiangalie ujumbe, angalia salio.

Mfuko wa wengi

Chama kikisafiri, kuna jambo moja tunalopenda kulisema waziwazi. Mweka hazina mmoja kubeba kila kitu kwenye laini yake binafsi ni mzigo usio wa haki. Pesa za safari zinachanganyika na za karo na za duka, na likitokea lolote, yeye ndiye mwizi machoni pa watu. Yule mama alituambia kwamba zile 40,000 hazikumuuma kama kimya cha kwenye tuktuk kutoka Nyali. Wiki tisa za jasho la kila mmoja, na yeye ndiye aliyebonyeza.

Tumieni laini au akaunti ya chama peke yake. Malipo makubwa yafanywe wawili wakiwa pamoja, mmoja anasoma jina, mwingine anaweka namba ya siri. Kila jioni, ujumbe za malipo za siku hiyo zipelekwe kwenye kundi la WhatsApp, hata ya dafu. Inaonekana kama uchunguzi, lakini kwa kweli inamlinda anayeshika pesa.

Na waliobaki wao walifanyaje? Tikiti za kwenda na kurudi zilikuwa zimekula 27,000. Ukiondoa zilizoibwa, walibaki na 68,000 kwa watu tisa na siku nne. Dereva wa tuktuk aliwapeleka lojingi moja karibu na Mwembe Tayari, kisiwani, vyumba vitatu, watatu watatu, 3,000 kwa chumba. Hapo 36,000 zikaenda. Wakabaki na 32,000, chini ya 900 kwa kila mtu kwa siku, za kula, kuingia mahali na kusafiri. Asubuhi ya kwanza wawili walitaka kurudi Kitengela. Walikaa. Siku mbili walitembea kisiwa kizima kwa miguu, mahamri na mbaazi asubuhi, pilau ya kugawana mchana. Siku ya tatu walienda kaskazini kwa matatu, wakaingia baharini na madera yao. Siku ya nne walivuka feri bure, wakanunua nazi Likoni, wakarudi.

Siku ya treni waliondoka mjini saa tatu na nusu kabla ya safari. Tulidhani wamezidisha. Malori ya Changamwe yaliwashika saa nzima na nusu, na walifika Miritini muda wa kutosha kukaguliwa mizigo na kupumua. Kama unatoka Nyali au Bamburi, ongeza nusu saa juu ya hapo.

Mweka hazina aliomba kujiuzulu, wakakataa. Agosti hii wanaenda tena, na safari hii wametupigia kabla, wakituuliza maswali hadi tukachoka. Wamepata nyumba Bamburi. Mpwa wa mmoja wao anayekaa Kisauni ametumwa akaione. Aliingia, akafungua milango yote, akajaribu mabomba yote, kisha akapiga simu.

"Shangazi, nyumba iko kweli, na mwenyewe ni huyu hapa nimesimama naye. Lakini mabomba hayana maji tangu Jumatatu."

Hawajatuma arbuni. Bado wanatafuta.